Mapishi ya kale yakitaka pot cheese

Kitabu cha zamani cha Marekani kikikutajia pot cheese, usizunguke Malindi nzima. Ni jibini changa, nyeupe, kavu kuliko cottage cheese (jibini laini ya mabongebonge). Mimi badala yake hununua ricotta, jibini laini ya Kiitaliano, kwenye duka la Waitaliano, nikaitundika frijini usiku kucha katika melimeli (kitambaa chepesi cha pamba). Maji yakibaki, keki ya jibini hubonyea katikati.

Ricotta ikiwa ghali, chemsha maziwa lita 2, epua, tia vijiko vikubwa 4 vya maji ya ndimu, koroga taratibu, acha dakika 10. Yakishakatika chuja, suuza kwa maji baridi uondoe ukali, kamua sana. (Mama hukamulia leso kuukuu, melimeli huchuja vizuri zaidi.) Chumvi mwisho.

Jibini ya pembetatu ya watoto usiitie kabisa: yenyewe huyeyuka, pot cheese haiyeyuki.