Kunyoa kwapa na miguu kwa mara ya kwanza: acha kabla hujaridhika

Wasichana wengi wanaopanda ngazi kuja kwenye chumba changu cha urembo hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, hawaji kunyolewa. Huja wakiwa wameshajinyoa wenyewe, mkono mmoja wameuinua kidogo kama kuku aliyeteguka bawa, na neno la kwanza ni, "Anti, naungua." Kabla sijaangalia huwauliza maswali matatu. Wembe ulikuwa wa nani? Ulinyoa kukavu? Ukapaka nini baadaye? Jibu la tatu karibu kila mara ni spiriti au ndimu.

Siwacheki. Mimi nilianzia bwenini, kwa wembe wa bapa uliokuwa ukitembea kitanda hadi kitanda, na sabuni ya kipande ya kufulia. Nilipomaliza nikamimina spiriti ili "kuua viini". Usiku ule nililala mikono juu kama mtu aliyesimamishwa na polisi.

Hapa nitaongea kuhusu kwapa na miguu tu. Na hulazimiki kunyoa hata hivyo: nywele za mwilini si uchafu, na harufu ya kwapa hutokana na bakteria wanaokula jasho, kwa hiyo maji na sabuni bado ndiyo dawa yake ya kwanza. Ukinyoa, nyoa kwa sababu umetaka wewe. Wala usiogope kwamba zitarudi nene. Wembe haufiki kwenye mzizi. Hukata unywele katikati, ncha iliyokuwa nyembamba inabaki butu, ndiyo maana ukipapasa unasikia miba.

Hatua ya 1: Wembe wako mwenyewe

Nunua wembe wenye mpini, wa makali moja au mawili. Ile ya makali matano inapendeza kwenye tangazo, lakini nywele zetu zimejikunja. Kali la kwanza linauvuta unywele, linalofuata linaukata, na kipande kilichobaki kinajirudisha chini ya ngozi. Kikianza kukua kinakosa njia ya kutokea, kinapinda, kinachoma nyama kutoka ndani. Mwili unakiona kama mwiba. Hicho ndicho kipele chenyewe, wala hujarogwa.

Wembe wa bapa unaoshikwa kwa vidole uache kabisa. Na wembe usiazimane, hata na dada yako wa tumbo moja. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na tone la damu usiloliona linatosha. Kama unafungasha sanduku la shule ya bweni, weka nyembe zako kadhaa na uziandike jina kwa kalamu ya wino usiofutika. Hapo hakuna uchoyo.

Hatua ya 2: Usiku, na maji ya uvuguvugu

Nyoa jioni baada ya kuoga, usinyoe asubuhi unapokimbilia matatu. Ngozi iliyonyolewa inataka saa kadhaa bila jasho, bila deodoranti, bila sidiria inayobana kwapa.

Mtaani kwetu maji ya mfereji yana siku zake, na siku nyingine tunanunua kwa mitungi. Usijali, huhitaji bafu la kumwagika. Chukua beseni la lita tano hivi, loweka kitambaa safi katika maji ya uvuguvugu, kibane kwapani dakika tatu hadi tano, ukilowesha tena kikipoa. Unywele uliolowa hufura na kulainika, wembe unaukata bila kuuvuta. Ukiruka hatua hii, nyingine zote ni bure.

Kama nywele ni ndefu, zipunguze kwanza kwa mkasi mdogo. Hapo zikiwa bado kavu.

Hatua ya 3: Kitu cha kuteleza

Krimu ya kunyolea ni nzuri. Huna? Kondishena ya nywele ya bei nafuu inafanya kazi hiyo vizuri sana, nami huitumia hata kazini. Sabuni ya kipande hukausha ngozi, na mafuta matupu ya kujipaka huziba wembe. Paka, subiri dakika moja.

Hatua ya 4: Mkono wenyewe

Simama mbele ya kioo, inua mkono, weka kiganja kisogoni. Tazama kwanza. Nywele za kwapa hazielekei upande mmoja: kwa wengi za juu hupanda, za chini hushuka, na katikati zinazunguka kama kimbunga kidogo. Nyoa kila kipande kufuata kule nywele zinakolalia, mipito mifupi, urefu wa kiungo kimoja cha kidole. Usikandamize, uzito wa wembe wenyewe unatosha. Baada ya kila mipito miwili tikisa wembe kwenye maji.

Utatamani kurudia mahali palepale. Mara moja, sawa, ukiwa umepaka povu tena. Ya tatu hapana.

Miguu ni rahisi zaidi. Kaa ukingoni mwa kitanda au kwenye stuli, mguu ndani ya beseni, anza chini ya goti ukishuka. Kwenye ugoko punguza mkono kabisa, kwa sababu ngozi imelala juu ya mfupa. Goti likunje kidogo ili ngozi inyooke. Nyuma ya kifundo cha mguu ndipo wanapojikata karibu wote, basi pale nenda kama unayemnyoa mtoto mchanga. Ukijikata, bana kwa kitambaa safi dakika chache bila kuchungulia. Damu itakoma.

Sasa lile ambalo wasichana hawapendi kulisikia: acha kabla hujaridhika. Ukipitisha kidole na ukasikia mkwaruzo mdogo, umemaliza. Ule ulaini wa yai unaoutafuta, wa kunyoa kinyume cha nywele huku umeivuta ngozi, ndio unaokuletea vipele Jumatano.

Hatua ya 5: Baada ya wembe

Suuza kwa maji baridi, kausha kwa kugusisha taulo bila kusugua, paka losheni isiyo na manukato au jeli ya mshubiri. Deodoranti ngoja asubuhi.

Spiriti huchoma ngozi iliyokwanguliwa na kuikausha, haikusaidii kitu. Ndimu ni mbaya zaidi. Maji yake yakibaki kwenye ngozi ikapigwa na jua, huweza kuiunguza kabisa na kuacha baka jeusi la miezi. Na jua la Nairobi, kwa vile tuko karibu na ikweta na juu sana kutoka usawa wa bahari, ni kali hata siku ile ya baridi ya Julai unayodhani halipo.

Wembe usuuze, ukung'ute maji, uuanike mahali pakavu nje ya bafu. Baada ya kunyoa mara tano hadi saba, au ukianza kuvuta kabla ya hapo, utupe. Utie kwanza ndani ya chupa ya plastiki yenye kifuniko. Takataka zetu zinachambuliwa na watu kwa mikono mitupu.

Vipele vikitokea

Weka wembe chini mpaka vipoe, hata kama ni wiki tatu au nne. Kunyoa juu ya kipele ni kumwaga petroli kwenye jiko. Weka kitambaa cha uvuguvugu dakika kumi, mara mbili au tatu kwa siku. Ukiuona unywele umejikunja juu ya ngozi kama herufi ndogo, unaweza kuuinua kwa ncha ya kibano safi, uuache hapohapo. Usiung'oe, na usichimbe kuutafuta ulio ndani. Wenye ngozi nyeusi tunapata kaloidi, lile kovu linalovimba kupita kidonda chenyewe, kwa urahisi zaidi. Kama mama au shangazi yako analo, sikioni au kifuani, wewe kaa na mkasi tu. Nywele fupi za milimita chache hazijaua mtu.

Kwapa likifanya weusi, mara nyingi ni kwa msuguano, vipele vya zamani au deodoranti inayokukataa. Badilisha deodoranti, punguza kunyoa, upe miezi. Krimu za kung'arisha usizikaribie. Zenye zebaki zimepigwa marufuku nchini, bado zinauzwa kimyakimya, na zebaki huharibu figo. Ila weusi ukiwa mnene na laini kama mahameli, na uko pia shingoni, hilo si la wembe wala la kwangu: nenda kituo cha afya wakupime sukari.

Nenda vilevile, siku hiyohiyo, kama kipele kimekuwa jipu, ngozi inatoa joto na uwekundu au weusi wake unasambaa, au una homa. Mwaka jana binti mmoja alinijia na uvimbe wa ukubwa wa ndizi ndogo kwapani, ameufunika na kitunguu saumu kilichosagwa alichoambiwa na rafiki yake. Sikuugusa. Nilimvalisha leso yangu begani, tukashuka ngazi pamoja hadi kwenye kliniki ya chini.