Kinywaji cha makaribisho daraja la biashara: kuanzia trei hadi glasi ya mwisho

Mwongozo huu ni wa vijana wa Kisumu, Kakamega na Nakuru wanaojiandaa kuwa wahudumu wa ndege, hasa walio hotelini sasa na wamezoea kubeba trei. Kinywaji hiki hutolewa ndege ikiwa imesimama na abiria bado wanapanda, kwa hiyo muda ni mfupi sana.

1. Tayarisha kabla mlango haujafunguliwa. Kisumu mchana kuna joto, na barafu iliyotiwa mapema hugeuza juisi kuwa maji matamu. Poza kinywaji chenyewe, uache barafu. Kwa abiria 12 andaa glasi 16, kwa sababu wote huweza kutaka kitu kimoja. Jaza theluthi mbili tu.

2. Mvinyo wenye povu. Uliza kwanza kiongozi wako: katika viwanja vingi pombe hubaki imefungwa kwa lakiri (muhuri) ya forodha hadi ndege ipae. Ukiruhusiwa, chupa iwe kwenye nyuzi 6 hadi 8. Shinikizo lake ni zaidi ya mara mbili ya gurudumu la gari dogo, na chupa vuguvugu au iliyotikiswa itakurushia kizibo. Weka kidole gumba juu ya kizibo kabla hujagusa waya unaokishikilia. Funika kwa kitambaa, inamisha chupa, kisha zungusha chupa, si kizibo. Mimina kidogo, povu litulie, ongeza. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi 7 za mililita 100.

3. Trei. Tandika kitambaa kisichoteleza, glasi nzito zikae katikati, juu ya kiganja. Trei hupinduka mara nyingi glasi za upande mmoja zinapokwisha, kwa hiyo sogeza zilizobaki kila unapotoa. Shika glasi chini, kamwe si mdomoni. Fanyia mazoezi nyumbani: safu mbili za viti, nafasi ya sentimita 50, glasi za maji, mtu mwingine akipita na begi.

4. Kutoa. Anza na wa dirishani. Trei ibaki upande wa njia, isipite juu ya kichwa cha mtu. Weka sevieti kwanza, kisha glasi, kwa mkono wa kulia. Wazee wetu huliona hilo upesi. Taja vilivyopo: "Karibu sana mama. Maji, au juisi ya pasheni?" Ukiuliza "utakunywa nini?" utaagizwa chai, na vinywaji vya moto havitolewi wakati huu. Mwenye begi akija, ingia kati ya viti umpishe. Mafuta yakiwa yanajazwa, njia na milango visizibwe hata kidogo.

5. Kukusanya. Hapa ndipo wengi hukwama. Anza abiria wa mwisho anapoketi. Ukisubiri mlango ufungwe umechelewa. Marekani, sheria hairuhusu ndege hata kusogea kukiwa na glasi ya shirika kwenye kiti cha abiria. Breki ya ghafla huirusha glasi, na vipande vyake njiani huwajeruhi watu wakilazimika kutoka mbio. Asiyemaliza usimnyang'anye: "Samahani mzee, tunaondoka sasa. Naomba glasi." Usimwahidi nyingine kama safari ni ya Kisumu hadi Nairobi, ambayo haifiki saa moja.

Angalia mifuko ya viti na pembeni mwa mikono ya viti. Hesabu: zilitoka 16, zirudi 16. Ikikosekana moja, mwambie kiongozi wako kabla hujafunga kabati na kwenda kuketi.