Kupima oksijeni mlimani kwa kipima cha kidoleni, bila kujidanganya

Saa kumi na moja alfajiri, mita 4,600. Mteja alitoa mkono nje ya mfuko wa kulalia, nikamvisha kipima kidoleni, kikasoma 71, yaani asilimia ya hemoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) iliyojaa oksijeni. Macho yakamtoka pima. Nikamwambia auweke ule mkono kwapani na anyamaze. Baada ya dakika tano kikasoma 83. Damu yake ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kidole.

Nimeongoza watu milimani miaka mingi, na vifaa hivi vimenisaidia na kunipotosha kwa kiasi kinachokaribiana. Hivi ndivyo ninavyopima siku hizi.

Hatua ya 1: Andika mwinuko kabla ya namba

Watu husema huko juu oksijeni imeisha. Haijaisha. Ufukweni na kileleni, hewa ni oksijeni kwa takriban asilimia 21. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, na huo ndio unaoisukuma oksijeni kutoka kwenye mapafu kuingia kwenye damu. Usawa wa bahari ni milimita 760 za zebaki. Mita 5,500 umebaki kama nusu. Kilele cha Everest, kama theluthi. Ndiyo maana 84 ni dharura kwa mtu mzima wa afya aliyeko ufukweni, ilhali mita 4,500 ni namba ambayo hainikoseshi usingizi kama mwenyewe anakula, anatembea na anapiga soga.

Hatua ya 2: Pasha kidole moto

Hapa ndipo wengi huharibu. Hewa hupoa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000, na mwili ukihisi baridi hubana mishipa midogo ya vidoleni ili joto libaki kifuani na tumboni. Kipima nacho hakioni oksijeni moja kwa moja. Kinapitisha mwanga mwekundu na wa infraredi kwenye kidole, kisha kinafuata jinsi mwanga huo unavyobadilika damu inapodunda. Kidole kikiwa kama barafu, mdundo ni hafifu na kifaa kinakisia.

Basi kwapani au ndani ya glavu, dakika tano. Futa rangi ya kucha, na kama kidole kina hina nyeusi chagua kingine. Anayetetemeka mpe nguo na kinywaji cha moto kwanza: misuli inayotetemeka inakula oksijeni nyingi, na mkono usiotulia hausomeki.

Hatua ya 3: Mketishe, usome dakika nzima

Apumue kama kawaida. Wapo wanaovuta pumzi kumi za nguvu ili namba ipande. Ni kama kunyonya tumbo juu ya mizani. Wakati huo shika kifundo cha mkono wake uhesabu mapigo mwenyewe. Ukipata mapigo 96 na kioo cha kipima, ambacho nacho huonyesha mapigo, kinasema 60, hata namba ya oksijeni itupe, anza upya. Namba zitaruka, andika ile inayokaa zaidi. Chini ya 70 usiichukulie kama kipimo kamili, na kwa wenye ngozi nyeusi kumbuka kwamba vifaa hivi wakati mwingine huonyesha zaidi ya kilichopo.

Hatua ya 4: Pima saa ile ile kila siku

Ndani ya saa chache mwili huongeza pumzi. Figo huchukua siku kadhaa kurekebisha kemia ya damu ili pumzi hizo ziendelee, na chembe nyekundu huongezeka kwa wiki. Kwa hiyo ukilala mwinuko mmoja usiku wa pili na wa tatu, namba inapaswa kupanda kidogo. Ya mteja ikishuka huku za wenzake zinapanda, simpandishi.

Hatua ya 5: Mtazame mtu

Niliwahi kuwa na mtu wa 86, namba ya kujivunia kwa mwinuko ule, aliyeshindwa kutembea hatua kumi kisigino kwa kidole kwenye mstari ulionyooka. Tulishuka usiku ule ule. Kuyumba hivyo, kuchanganyikiwa, au kuhema ukiwa umekaa tu, ni amri ya kushuka, hata kama kifaa kinachekelea. Mita 300 hadi 1,000 mara nyingi hutosha kumbadilisha mtu. Kichwa kinachouma pamoja na kichefuchefu bila hayo mengine: baki hapo ulipo, usipande mpaka kiishe.

Namba nzuri kupita kiasi nayo iogope. Mtu aliyejifungia hemani na jiko linalowaka huvuta kaboni monoksidi, inayong'ang'ania hemoglobini kuliko oksijeni, na kipima cha kawaida hakiwezi kuzitofautisha. Wenzake wote wakiwa 82, yeye anasoma 95, kichwa kinampasuka na amelegea. Mtoe nje kwanza. Jiko utalizima baadaye.