Uzi wa hudi: pima kwa mizani kabla ya kufuma

Hudi yangu ya kwanza niliyofuma kwa mashine ya kufumia iliishiwa uzi kwenye kofia. Mwili ulikuwa tayari, mikono yote miwili tayari, na uzi uliobaki kwenye koni, yaani kibiringo chake, haukutosha hata upande mmoja wa kofia. Niliongeza uzi wa rangi ileile kwa jina, ila ulikuwa umetiwa rangi kwa awamu nyingine, na tofauti ilionekana shingoni kila nilipoivaa. Tangu hapo sianzi hudi kabla sampuli, yaani kipande cha majaribio, haijapanda mizani.

Sampuli iwe kubwa. Mizani nyingi za jikoni husoma gramu nzima tu, na kosa la nusu gramu kwenye kipande cha gramu 12 huwa karibu gramu 20 kwenye hudi nzima. Mimi hufuma upana wa vitanzi 56 na urefu wa mistari 80, kwa uzi, nakshi na namba ya mkazo (ile ya mashine inayoamua ukubwa wa kitanzi) nitakayotumia kwenye nguo yenyewe. Naondoa uzi wa muda wa kuanzia, napima uzito, halafu ndipo naifua, naikausha ikiwa imelazwa, na kesho yake napima upana na urefu. Mpangilio huo nimeuchagua kwa sababu uzi wa koni mara nyingi huwa na mafuta ya kiwandani. Unaununua pamoja na mafuta yake, basi uzito upimwe kabla ya kufua. Nguo itavaliwa ikiwa imefuliwa, basi vipimo vichukuliwe baada ya kufua.

Tuseme sampuli imetoka sentimita 20 kwa 20, yaani sentimita za mraba 400, na ina gramu 12. Kila sentimita ya mraba inakula gramu 0.03. Sasa hesabu eneo la vipande, vipimo vyote kwa sentimita. Mbele na nyuma, 56 kwa 66 kila kimoja: 7,392. Mikono, upana wa wastani 32 kwa urefu 55, mara mbili: 3,520. Kofia, pande mbili za 26 kwa 36: 1,872. Mfuko wa mbele, 32 kwa 22: 704. Jumla ni 13,488, na ukizidisha kwa 0.03 unapata gramu 405. Ongeza asilimia 15 kwa ajili ya ribu (kingo zinazovutika), kushonea na makosa ya kufumua: gramu 465. Nanunua 500, zote za awamu moja ya rangi.

Hesabu hiyo ni ya fumo la wazi, yaani lisilo na nakshi. Ukibadili nakshi, kila kitu kinabadilika, na wengi hukosea hapa kwa kudhani vitanzi vitabaki vilevile. Nakshi ya kukusanya, ile ambayo sindano hushikilia uzi kwa mistari kadhaa kabla ya kuufuma, hupanua kitambaa na kukifupisha. Sampuli yangu ya wazi ilikuwa na vitanzi 28 na mistari 40 kwa sentimita 10. Ya kukusanya, kwa uzi uleule, ilitoa vitanzi 22 na mistari 56. Kipande cha nyuma kikashuka kutoka vitanzi 157 hadi 123, huku mistari ikipanda kutoka 264 hadi 370. Uzito nao ulifika gramu 0.04 kwa sentimita ya mraba, yaani hudi ya gramu 620 pamoja na akiba.

Ukishapata idadi ya vitanzi, ilinganishe na marudio ya nakshi. Kadi ya matundu ya mashine yangu, ile inayochagua sindano za nakshi, hurudia kila vitanzi 24, kwa hiyo napenda nakshi inayojirudia kila vitanzi 12, 8 au 6, ambazo zote zinaingia humo. Kwa nakshi ya 12, 123 nilishusha hadi 120, marudio 10 kamili, nikaongeza kitanzi kimoja kila upande cha kuingia kwenye mshono. Vitanzi hivyo viwili vya pembeni vifumwe wazi kila mstari, la sivyo ukingo utalegea na mshono hautanyooka. Sentimita moja na nusu iliyopungua mbele na nyuma sikuihisi mwilini. Nakshi iliyokatika vibaya ubavuni ningeiona kila siku.

Kwa nakshi ya rangi mbili, pima kila koni kabla na baada ya sampuli ujue kila rangi imekula kiasi gani. Na ufikirie kofia: ikishushwa mgongoni, upande wake wa ndani ndio unaotazamwa, na nyuzi zinazopita nyuma ya nakshi hunasa nywele na hereni. Mimi kofia huifuma wazi kwa rangi moja, nikiihesabia vitanzi vyake kutoka sampuli ya wazi.

Anza na kipande cha nyuma, kisha kipime. Chetu cha wazi kinapaswa kuwa na gramu 111 hivi. Kikifika 120, hesabu upya papo hapo, kabla uzi wa awamu ile haujauzwa wote. Kofia ifuate baada ya mikono, na mfuko uwe wa mwisho. Uzi ukipungua, mfuko unaweza kufumwa kwa rangi nyingine nao ukapendeza.