Kupunguza Gharama za Kupasha Nyumba Joto Wakati wa Baridi Uingereza

Mtu aliyekulia Mombasa au Dar es Salaam hufika Uingereza akiwa amezoea kulipia maji, umeme na kodi ya pango, lakini hajawahi hata siku moja kulipia joto. Hata aliyetoka Njombe au Limuru, ambaye baridi anaijua vizuri, amezoea kuota moto wa jiko saa mbili tatu za jioni kisha akaingia kitandani. Mazoea hayo ndiyo yanayotugharimu, kwa sababu tunalichukulia joto kama moto wa kuwashwa baridi inapouma na kuzimwa mara tu inapopungua, ilhali nyumba ya huku inahitaji joto la wastani linalodumu, linalotoka kwenye chanzo cha bei nafuu na lisilopata mahali pa kupenya.

Baridi yangu ya kwanza niliipitisha Leicester, katika nyumba ya zamani ya matofali, mojawapo ya zile zilizoungana mtaa mzima. Wenzangu waliniambia kwamba kuwasha boila, yaani mtambo wa gesi unaochemsha maji ya kupasha nyumba joto, ni kuchoma pesa, basi nikanunua hita ndogo ya umeme na kuiweka miguuni kila jioni. Mita ilikuwa ya kulipia kabla, kama ilivyo LUKU, na kila nilipoongeza pauni 20 ziliisha kabla ya wiki kwisha. Mwezi Februari nilisogeza kabati la nguo nikakuta ukuta wa nyuma umeota ukungu mweusi kutoka sakafuni hadi usawa wa goti, na koti nililolinunulia baridi limeshika harufu ya uvundo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la hesabu. Uniti moja ya umeme (kilowati moja kwa saa moja) Uingereza imekuwa ikiuzwa kwa takribani mara nne ya bei ya uniti moja ya gesi. Hita ya kilowati 2 ikiwaka saa tano hula uniti 10, na kwa bei ya peni 26 kwa uniti hizo ni pauni 2.60 kwa jioni moja, au pauni 78 kwa mwezi wa siku 30, tena kwa chumba kimoja tu. Joto la kiasi hichohicho likitoka kwenye gesi, hata ukihesabu kinachopotea ndani ya boila, halifikii theluthi moja ya fedha hizo. Nyumba yenye gesi na itumie redieta zake, yale mabati ya ukutani yanayopitisha maji moto ya boila. Anayekaa peke yake usiku akisoma atafaidika zaidi na blanketi la umeme, ambalo likitumia wati 100 huchukua saa kumi kumaliza uniti moja.

Hatua inayosahaulika sana iko kwenye boila yenyewe. Boila nyingi za kisasa, zile zinazochemsha maji ya bomba papo hapo bila tangi, huachwa na fundi zikipeleka maji ya nyuzi 70 au 80 kwenye redieta. Zimeundwa kuvuna joto lililomo kwenye mvuke unaotoka kwa bomba la nje, lakini huvuna vizuri pale tu maji yanayorudi kutoka kwenye redieta yanapokuwa yamepoa hadi nyuzi 55 hivi au chini yake. Kwa hiyo tafuta kitufe chenye alama ya redieta, si kile chenye alama ya bomba la maji, ukishushe hadi nyuzi 60 au chini kidogo. Redieta hazitaunguza mkono tena na chumba kitachelewa kupata joto, hivyo washa mapema zaidi. Nyumba yenye tangi la maji moto isiguswe bila fundi, kwani maji ya tangi yanapaswa kufikia nyuzi 60 ili bakteria wa hatari wasizaliane.

Chumba kisichotumika, punguza redieta yake hadi namba 1 au 2 kwenye kitufe chake cha kuzungusha, wala usiizime kabisa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza nyumba isishuke chini ya nyuzi 18 wakati wa baridi, na wenye watoto wachanga, wazee au wagonjwa wanahitaji zaidi ya hapo. Ukuta ulioachwa ukapoa huvuta mvuke wa maharage yaliyochemka saa mbili na wa nguo zilizoanikwa ndani, na hapo ukungu huanza. Pika kwa kufunika sufuria, anika nguo bafuni mlango ukiwa umefungwa na dirisha wazi, na uache nafasi kati ya kabati na ukuta wa nje. Jambo hili si la harufu tu: Desemba 2020, huko Rochdale, mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, ambaye wazazi wake walitoka Sudan, alifariki kwa sababu ya ukungu wa nyumbani kwao. Sheria yenye jina lake, inayowabana wamiliki wa nyumba za jamii (zile zinazopangishwa na halmashauri na mashirika ya makazi) nchini England, ilianza kutumika Oktoba 2025. Mpangaji anayeona ukungu apige picha na kulalamika kwa maandishi.

Kwa kutafuta mahali joto linapotorokea, hakuna kifaa kinachoshinda kijiti cha udi. Siku ya upepo, kiwashe na ukipitishe polepole pembezoni mwa madirisha, chini ya mlango na kwenye tundu la barua; moshi unapopinda, hapo ndipo pa kubandika utepe wa sponji. Kanga kuukuu iliyoviringishwa inatosha kuziba chini ya mlango. Funga mapazia jua linapozama, yasifunike redieta, na kochi lisiegemezwe hapo. Tundu la hewa lililowekwa kwa ajili ya moto wa gesi lisizibwe kamwe, na jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata kwa dakika tano, kwa kuwa hewa ya kaboni monoksidi haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Kuhusu bili, ukomo wa bei unaowekwa na Ofgem, mamlaka inayosimamia umeme na gesi, hubadilika kila miezi mitatu, nao huzuia bei ya uniti na ada ya kila siku, si jumla ya bili yako. Ada hiyo hukatwa hata usipowasha kitu. Mwenye mita ya kulipia kabla asiiache tupu wakati wa kiangazi, la sivyo fedha za kwanza za Oktoba zitaishia kwenye deni. Lipo pia punguzo la pauni 150 liitwalo Warm Home Discount kwa baadhi ya wanaopokea ruzuku za serikali, ila viza nyingi zinakataza kupokea fedha za umma, kwa hiyo soma masharti yako kabla ya kuomba ruzuku yoyote. Kuandikishwa na kampuni ya umeme kwenye orodha ya wateja wa kipaumbele, wanaopewa msaada wa ziada, ni jambo jingine, hakulipiwi, na mwenye mtoto mdogo au mgonjwa nyumbani apige simu kabla ya Novemba.