Namna ya Kuchagua Shahada ya Uzamili ya Usimamizi wa Wanyamapori kwa Gharama Unayoimudu

Anayetafuta shahada ya uzamili katika usimamizi wa wanyamapori kwa kawaida huanza kwa kulinganisha ada za vyuo, na hapo ndipo hesabu inapoanza kwenda kombo. Ada ni gharama moja tu, na katika fani hii mara nyingi siyo inayomlemea mwanafunzi kuliko zote. Kinacholemea ni utafiti: usafiri wa kufika hifadhini, gari linaloweza kupita porini, vibali, malipo ya askari au mwongozaji anayefuatana nawe, vifaa, na miezi unayokaa kambini bila kipato. Kola moja ya setilaiti, yaani mkanda wa shingoni wa kufuatilia mienendo ya mnyama mkubwa, huweza kugharimu zaidi ya dola 2,000 za Marekani, kabla ya kumlipa daktari wa kumchoma mnyama huyo sindano ya usingizi. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza chuo kinatoza kiasi gani, uliza ni nani atakayegharamia utafiti wako. Chuo chenye ada ndogo kisichokuwa na jibu la swali hilo kinaweza kukugharimu kuliko chuo chenye ada kubwa.

Hatua ya kwanza ni kuamua aina ya shahada. Ziko zinazokamilika kwa tasnifu, ambapo mwanafunzi hubuni swali la utafiti, hukusanya data na kuitetea kazi yake, na ziko za masomo ya darasani zinazomalizika kwa mradi mfupi au ripoti. Anayelenga shahada ya uzamivu, au kazi ya mtafiti katika mamlaka ya hifadhi, anahitaji tasnifu, na asishawishike kuikwepa kwa sababu njia ya darasani ni fupi. Afisa ambaye tayari yuko kazini, mwenye uzoefu wa porini na anayehitaji shahada ili apande cheo, anaweza kutosheka kabisa na masomo ya darasani, hata yale ya masafa, kwa kuwa atabaki na mshahara wake na hatahama. Tofauti hii inagusa mfuko moja kwa moja: nchini Marekani, kwa mfano, wanafunzi wengi wa tasnifu katika fani hii hulipwa kama wasaidizi wa utafiti au wa ufundishaji, ada yao ikasamehewa yote au sehemu yake, ilhali wa masomo ya darasani kwa kawaida hujilipia wenyewe.

Mfumo huo wa wasaidizi una kanuni moja ambayo waombaji wengi kutoka nje huijua wakiwa wamechelewa: fedha ziko kwa mhadhiri, haziko katika ofisi ya udahili. Mhadhiri aliyepata ruzuku ya kuchunguza, tuseme, migogoro kati ya wakulima na tembo, hutafuta mwanafunzi wa kuifanya kazi hiyo, na nafasi hutangazwa kama ajira inavyotangazwa. Hivyo mtafute msimamizi kwanza, kisha ndipo uombe chuo chake. Soma makala zake mbili au tatu za karibuni, halafu mwandikie barua fupi inayotaja swali mahususi katika kazi yake linalokuvutia, ulichokwisha kufanya wewe mwenyewe (sensa ulizoshiriki, data uliyochambua, ripoti uliyoandika), na umuulize waziwazi kama ana nafasi yenye ufadhili na itaanza lini. Barua moja iliyonakiliwa kwa wahadhiri arobaini hutambulika kwa mistari yake miwili ya mwanzo na hutupwa. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki mbili au tatu, kisha endelea na mwingine bila kinyongo, kwa maana ukimya wake mara nyingi unamaanisha tu kwamba hana ruzuku kwa wakati huo.

Kuhusu ada zenyewe, usitegemee simulizi za waliosoma zamani, kwani sera hubadilika. Sweden ilianza kuwatoza ada wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya mwaka 2011, Finland ikafuata mwaka 2017, na Norway, ambayo kwa miaka mingi ilisifiwa kwa elimu isiyo na ada kwa kila mtu, ilifanya vivyo hivyo mwaka 2023. Ujerumani bado haitozi ada katika vyuo vingi vya umma, ingawa jimbo la Baden-Württemberg hutoza euro 1,500 kwa muhula kwa wanafunzi wasiotoka Umoja wa Ulaya. Lakini kutokuwepo kwa ada hakumaanishi kusoma bure. Kiwango kilichowekwa Ujerumani mwezi Septemba 2024 kilimtaka mwombaji wa viza ya masomo aonyeshe kuwa ana euro 11,904 za kujikimu kwa mwaka katika akaunti maalumu, isipokuwa awe na mfadhili. Kwa mwombaji asiye na mfadhili wala akiba, sharti hilo ndiyo ada yenyewe kwa jina jingine.

Muda nao ni fedha. Uingereza shahada ya uzamili huchukua mwaka mmoja kwa kawaida, na sehemu nyingi nyingine huchukua miwili, kwa hiyo ada kubwa ya mwaka mmoja yaweza kukaribiana na ada ndogo ya miaka miwili ukishajumlisha kodi ya nyumba, chakula, bima ya afya na mshahara unaoukosa. Hata hivyo, mwaka mmoja una kasoro yake katika fani hii: msimu wa utafiti huwa wa miezi michache, na ikiwa swali lako linahitaji kulinganisha masika na kiangazi, hutaweza kulijibu. Uliza pia wanafunzi humaliza baada ya muda gani hasa, kwani programu ya miaka miwili ambayo wengi huimaliza kwa mitatu au minne ni ya gharama ya mitatu au minne.

Ufadhili wa serikali na mashirika ya kimataifa upo, na kila mmoja una masharti yanayopaswa kusomwa mwaka mzima kabla. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hutaka uzoefu wa kazi wa takriban miaka miwili, na humtaka mnufaika arudi nchini kwake kwa angalau miaka miwili baada ya masomo. Erasmus Mundus, mpango wa Umoja wa Ulaya, hufadhili shahada za pamoja zinazosomwa katika nchi zaidi ya moja, na baadhi ya hizo hugusa ikolojia, misitu na uhifadhi. DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi na watafiti, ina orodha ya kozi zinazohusiana na maendeleo kwa ajili ya wataalamu wenye uzoefu. Ukiwa umeajiriwa, omba kwanza ruhusa ya masomo yenye malipo, maana kubaki na nusu ya mshahara kunaweza kuwa msaada mkubwa kuliko ruzuku ndogo.

Urahisi wa bei usikufumbe macho kuhusu ubora. Fungua mtaala na utafute takwimu, mbinu za kukadiria idadi ya wanyama, uchambuzi wa ramani, sera na sheria, na masuala ya jamii zinazopakana na hifadhi. Programu isiyofundisha takwimu kwa kina singeipendekeza hata ingekuwa bure, kwa sababu maamuzi ya idadi ya wanyama wa kuvunwa, kuhamishwa au kulindwa hutegemea makadirio, na mtaalamu asiyeweza kuyapima makadirio hayo atabaki kuamini ya wengine, huku kosa likilipwa na wanyama na wanavijiji. Angalia kama chuo hutumia programu za kompyuta za bure kama R (ya takwimu) na QGIS (ya ramani), ambazo utaendelea nazo baada ya kuhitimu bila kununua leseni. Hakikisha chuo kina ithibati inayotambuliwa katika nchi utakayofanyia kazi. Anayetaka kuajiriwa Marekani alinganishe masomo na yale yanayotakiwa na The Wildlife Society, chama cha wataalamu wa wanyamapori cha huko, kwa ajili ya kuthibitishwa kuwa mtaalamu.

Ukishabakiwa na programu tatu au nne, iandikie kila moja hesabu yake kamili hadi siku ya kuhitimu: ada, maisha, viza, bima, nauli, gharama za utafiti na mshahara unaoukosa, kisha utoe ufadhili uliothibitishwa kwa maandishi peke yake. Ahadi ya mdomo usiihesabu kuwa ufadhili. Kabla ya kulipia nafasi, zungumza na wanafunzi wawili wa msimamizi wako mtarajiwa wakiwa peke yao, uwaulize kama posho hufika kwa wakati, gari la utafiti hupatikana msimu unapoanza, na rasimu za tasnifu husomwa baada ya muda gani. Iwapo barua ya udahili haitaji kiasi cha ufadhili, muda wake na masharti ya kuuendeleza, omba iandikwe upya kabla hujatia saini.