Namna ya kupanga siku ya kwanza ya kutazama matumbawe pamoja na watoto

Mzazi anayetaka kumwonyesha mwanawe matumbawe kwa mara ya kwanza katika pwani yetu, iwe Unguja, Watamu au visiwa vilivyo mbele ya Dar es Salaam, aangalie mwandamo wa mwezi kabla ya kuulizia bei ya chumba. Wakati wa bamvua, yaani siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4, na katika siku hizo maji hupwa kabisa yapata saa 4 asubuhi na kujaa yapata saa 10 alasiri. Familia iliyoamka mapema, ikanywa chai na kuteremka ufukweni Paje au Jambiani, mashariki ya Unguja, saa hiyo, huikuta bahari imerudi mbali, wakulima wa mwani wako kazini, na mtoto aliyeahidiwa samaki wa rangi anaishia kuruka vidimbwi mchangani.

Wiki moja baadaye mambo hugeuka. Kwa kuwa kujaa kwa maji husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku, siku za maji mafu, ambazo kwa hesabu ya mwezi wa Kiislamu huangukia karibu na tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24, maji hujaa kati ya saa 4 na saa 6 mchana, na mkondo huwa mpole kwa sababu maji yanayoingia na kutoka ni machache. Anayechokoa pweza hana hamu na maji mafu, lakini mwenye mtoto wa miaka 7 hapati siku bora kuliko hizo. Jedwali za maji hutolewa na mamlaka za bandari za Kenya na Tanzania, na asiyeziona amuulize mvuvi yeyote, ambaye atamjibu bila kutazama karatasi.

Baada ya mwezi, yatazamwe majira. Likizo ya Desemba huangukia katika kaskazi, wakati maji yana joto na kwa kawaida huwa maangavu. Likizo ya Aprili hukutana na masika, na mahali palipo karibu na mdomo wa mto maji huwa na tope hata siku ambayo mvua haikunyesha. Wanaosafiri kati ya Juni na Agosti huikuta kusi, ambayo huchafua bahari ya upande wa mashariki, na kwao ni busara kuchagua upande uliokingwa na upepo au kuingia majini asubuhi kabla haujashika nguvu.

Kuhusu mahali, mimi humshauri anayeanza aende Chumbe, kisiwa kidogo kusini ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambacho boti zake huondokea Mbweni. Matumbawe yake yamehifadhiwa tangu mwaka 1994, uvuvi hauruhusiwi, kupiga mbizi kwa mitungi ya hewa pia hakuruhusiwi, na wageni huingia majini wakiongozwa na walinzi wa hifadhi. Kwa mzazi mwenye wasiwasi, huyo kiongozi peke yake anatosha kuwa sababu ya kwenda, ingawa gharama si ndogo na nafasi lazima iwekwe mapema. Kenya, hifadhi za bahari za Watamu na Malindi zilitengwa mwaka 1968, na bustani ya matumbawe ya Watamu iko karibu na ufukwe, kiasi kwamba mtoto akichoka anarudishwa nchi kavu bila safari ndefu. Kisite, hifadhi ya bahari kusini ya pwani ya Kenya unakofika kwa boti kutoka Shimoni, ni pazuri sana na pomboo huonekana mara nyingi njiani, lakini hiyo ni safari ya kutwa nzima, na ningeiacha mpaka mtoto awe amekwisha kuizoea boti. Wakazi wa Dar es Salaam wana Mbudya, mwendo mfupi kutoka Kunduchi. Mnemba, kisiwa kidogo kaskazini-mashariki ya Unguja ambacho kila papasi, yaani dalali wa watalii, wa Nungwi atakitaja kwanza, hakifai siku ya kwanza: boti huwa nyingi, mkondo hubadilika, na kuteremka kisiwani hakuruhusiwi, kwa hiyo mtoto aliyechoka hana pa kupumzika ila ndani ya boti inayoyumba.

Mazoezi yaanze nyumbani. Binti yangu alivaa miwani ya mbizi kwa mara ya kwanza akiwa tayari katikati ya bahari. Miwani ikavuja, akameza maji ya chumvi, na safari iliyobaki akaimaliza amejifunika taulo akinitazama kama niliyemsaliti. Mwaka uliofuata tulianza na karai la maji uani: uso ndani ya maji, mrija mdomoni, pumzi ndefu na za taratibu, kisha kuhesabu vifungo na sarafu zilizotupwa chini ya karai. Baada ya jioni tatu za mchezo huo aliingia baharini bila kushikwa mkono. Penye bwawa la kuogelea ni bora zaidi, maana humo mtoto hujifunza pia kulala kifudifudi akielea na kuupuliza mrija kwa nguvu maji yanapoingia.

Miwani hupimwa bila kufunga mkanda: iwekwe usoni, mtoto avute pumzi kwa pua, na ikigandama yenyewe bila kushikwa, inamfaa. Nywele zikiingia chini ya mpira maji yatavuja, na masharubu ya baba hufanya vivyo hivyo. Mrija wa mtoto uwe mfupi na mwembamba kuliko wa mtu mzima, kwa sababu katika mrija mkubwa hewa aliyokwisha kuitoa hubaki ndani naye huivuta tena. Kwa sababu hiyohiyo siwapi watoto ile miwani inayofunika uso mzima. Mtoto wa chini ya miaka 5 au 6 hahitaji mrija kabisa. Miwani na jaketi okozi linalomkaa sawasawa vinamtosha, naye atatumbukiza uso na kuuinua apendavyo. Boti za kukodi mara nyingi huwa na vifaa vya watu wazima tu, kwa hiyo miwani ya mtoto inunuliwe na ibebwe kutoka nyumbani. Fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana hukinga jua kuliko mafuta, hazichafui matumbawe, na huwasitiri akina mama wasiopenda kuvaa nguo fupi. Khanga iachwe botini, kwani ikilowa huwa nzito na kunasa miguuni.

Kabla ya kulipa, mzazi azungumze na nahodha mwenyewe, si dalali wake. Amuulize majaketi ya watoto yako mangapi na ayaone kwa macho, ni nani atakayeingia majini pamoja nao, boti ina kivuli au haina, na ada ya hifadhi imo katika bei au inalipwa kando kwa risiti. Nahodha anayeudhika kwa maswali haya si wa kusafiri naye. Anayelevywa na bahari ale kitu chepesi, akae nyuma ya boti na kutazama upeo wa bahari.

Majini, kila mtoto awe na mtu mzima wake, na dakika 20 hadi 30 zinatosha kwa mara ya kwanza, kwani mtoto huanza kutetemeka hata maji yakiwa na joto. Mzazi ambaye hajui kuogelea vizuri naye avae jaketi. Mtoto afundishwe mapema kwamba matumbawe ni viumbe hai, hayakanyagwi wala hayashikwi, na kwamba kutokanyaga ni usalama wake pia: kuna kiumbe wa duara mwenye miiba mirefu myeusi, kuna samaki anayefanana kabisa na jiwe, na kuna taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejizika mchangani. Viatu vya mpira vivaliwe wakati wa kuingia na kutoka. Aliyechomwa na miiba ya hao azamishe mguu katika maji ya moto kadiri anavyostahimili, kwani joto hupunguza maumivu, kisha afikishwe kwa daktari. Konyeza, wale viumbe laini wanaoelea na kuwasha ngozi, wakionekana wengi, siku hiyo iahirishwe.

Babu na bibi wasiachwe hotelini. Mwenye shinikizo la damu au maradhi ya moyo amuulize daktari wake kwanza, kwa sababu kuogelea kwa mrija huchosha kuliko kunavyoonekana, lakini Watamu na Malindi ziko boti zenye kioo sakafuni, ambamo mtu huwaona samaki akiwa amekaa na nguo zake kavu.

Vijana waliokwisha kuzoea huomba kujaribu mitungi ya hewa, na vyama vikubwa vya wapiga mbizi huruhusu jaribio hilo baharini kuanzia miaka 10, chini ya mwalimu. Hapo kalenda inarudi tena: baada ya kupiga mbizi kwa mitungi mtu hukaa angalau saa 12, na saa 18 kama amepiga mbizi mara kadhaa, kabla ya kupanda ndege, kwa sababu naitrojeni iliyobaki mwilini huweza kumdhuru akiwa angani. Mbizi hiyo basi ipangwe katika siku za mwanzo wa likizo, na kuogelea kwa mrija, ambako hakuna sharti hilo, kuachiwe asubuhi ya mwisho.